Mafuta Machafu ya Garaji ya Massoudi

Kuna mgeni mmoja anayekuja mtaa wa Buyenzi kila kiangazi. Haalikwi. Hapigi hodi. Anaingia ndani, anakaa kwenye viti, anapanda kitandani na miguu yake, na chakula anakionja kabla ya mwenye nyumba. Ukimfukuza kwa ufagio, anatoka kwa mlango na kurudi kwa dirisha. Umemjua? Ndiye vumbi.

Asiya alimjua kuliko wote. Alikuwa akipika chapati mbele ya garaji ya mume wake, kwenye barabara isiyo na lami. Mteja alileta gari bovu, akakaa kwenye benchi, akapewa chai na chapati. Mume wake, fundi Massoudi, aliingia chini ya gari. Chai ya Asiya ilikuwa nzuri, na mteja hakuona saa zinavyokwenda. Lakini lori moja likipita, chapati zote ziligeuka nyekundu.

"Mama Houda," wateja walimtania Asiya, "leo umetia pilipili, ama ni barabara?"

Kwa hiyo Asiya alitafuta dawa yake. Massoudi alipofanya vidanji, yaani kutoa mafuta ya zamani ya injini na kutia mapya, yale ya zamani aliyaweka kwenye bido, dumu la plastiki. Asiya alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa matundu kwa msumari. Kila asubuhi alitia humo kikombe kimoja cha mafuta yale meusi. Kisha alinyunyiza barabarani mbele ya garaji, kama mtu anayemwagilia bustani. Vumbi likalala. Barabara ikang'aa.

Majirani walimsifu. Wengine walileta makopo yao.

"Asiya, tupatie na sisi kidogo."

Aliwapa. Kitu cha bure, awanyime kwa nini? Mafuta yakizidi, Massoudi aliyamwaga kwenye mtaro wa kando ya barabara. Mtaro ulikuwa mkavu. Mafuta yalizama mchangani, na mtu hakuyaona tena. Mafundi wote wa barabara ile walifanya hivyo, na waliowafundisha kazi walifanya hivyo.

Ulikuwa mwaka wa 2001. Vita ilikuwa haijaisha. Watu walilala wakisikia milio ya milimani, na asubuhi waliamka kutafuta pesa ya mboga. Katika magari kumi yaliyoletwa kwa Massoudi, mawili au matatu yalikuwa na matundu ya risasi kwenye milango. Aliyaziba, akayapaka rangi. Hakuuliza.

Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ikashuka. Ilinyesha saa nzima. Asiya alisimama mlangoni, akafurahi kumwona yule mgeni wake akifukuzwa. Maji ya barabarani yalikuwa na rangi nyingi, samawati na zambarau, yakimeta kama kitenge kipya. Aliona ni mazuri. Maji yakaingia mtaroni, mtaro ukaenda mto Ntahangwa, na Ntahangwa huenda ziwani. Asiya hakuyafuata, si kwa miguu, si kwa mawazo.

Kesho yake akaja Pascaline. Pascaline alikuwa amekimbia mapigano ya mtaa wa Kinama mwanzoni mwa mwaka, yeye na watoto watatu. Buyenzi ilimpokea. Alipanga chumba kimoja, akalima lengalenga, aina ya mchicha, kwenye kipande cha ardhi kando ya mto, pale mtaro unapoishia. Mkononi alishika miche ya mboga. Ilikuwa imelala, myeusi.

"Mama Houda, nusa."

Asiya akanusa. "Inanuka mafuta."

"Inanuka garaji. Shamba lote liko hivi. Nimefuata mtaro kutoka kwangu, hatua kwa hatua. Alama nyeusi inaishia hapa kwenu."

Massoudi akapaza sauti kutoka chini ya gari. "Mama, garaji ni nyingi huku! Hayo mafuta yameandikwa jina langu?"

Wateja wakacheka. Pascaline hakucheka.

"Nyumba yangu niliiacha Kinama," alisema. "Zile lengalenga ndiyo nyumba yangu sasa."

Akaweka miche juu ya benchi, akaondoka.

*

Siku tatu baadaye walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa polisi. Mwingine alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani na mabuti ya mpira. Huyo alikuwa Jovithe, mtumishi wa ofisi ya mazingira. Jovithe alichukua kijiti, akakichomeka mtaroni. Kijiti kilitoka cheusi. Akachota maji machafu, akayatia kwenye chupa. Akaangalia barabara inayong'aa. Akaangalia kopo lenye matundu. Asiya alihisi kopo lile linamwangalia yeye.

"Garaji hii ni ya nani?" Jovithe akauliza.

Wateja wote wakachungulia vikombe vyao. Mmoja akanyoosha kidole chini ya gari.

"Bwana fundi," Jovithe akasema, "tunaweza kuzungumza?"

"Niko kwa kazi," sauti ikajibu.

"Nitakungoja."

"Kazi ni kubwa."

"Na benchi ni refu. Mama, nipe chai."

Jovithe akanywa chai, akalipa, akaomba ya pili, akalipa. Chini ya gari, spana haikulia hata mara moja. Baada ya nusu saa, Massoudi akatoka, shingo imekakamaa.

Jovithe akamweleza. "Kumwaga mafuta ya injini barabarani na mtaroni kumekatazwa na sheria. Ninaandika nilichokiona. Na wewe sema unachojua, nikiandike pia. Mafuta yalikuwa kiasi gani?"

Massoudi akataja jina lake, lakini kiasi cha mafuta hakukitaja.

"Andika unachotaka," alisema.

"Mimi siandiki ninachotaka. Utasaini?"

"Apana."

"Si lazima. Nitaandika kwamba hukusaini."

Jovithe akampa karatasi moja, akaaga, wakaondoka. Karatasi ilikuwa ya Kirundi, na ilikuwa na muhuri. Massoudi hakujua kusoma. Asiya alikuwa akijifunza, mwaka wa pili sasa, katika darasa la wanawake. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Inakuita ofisini. Siku ya Alhamisi. Saa tatu asubuhi. Ulete karangamuntu, kile kitambulisho chako."

Massoudi akakaa chini.

"Mwaka wa tisini na tano watu walikuja na daftari," alisema. "Waliandika jina la mudogo wangu. Umemuona tena?"

Hakuna aliyemwona tena.

"Jina langu likishaandikwa, mi siwezi kungoja Alhamisi. Nitavuka mpaka wa Gatumba, niende Uvira kwa shangazi."

"Baba Houda, hawa wametupatia saa. Wale wa daftari hawakumupa mutu saa."

"We unajua nini kwa mambo ya serikali?"

Hapo palikuwa na ukweli. Asiya hakujua kitu. Lakini alijua jambo moja: garaji bila fundi ni kibanda tupu. Na mtu aliyevuka mpaka kwa hofu, nani anajua atarudi lini? Siku zilizobaki zilikuwa tatu.

*

Jioni hiyo, kabla ya saa ya kufungiwa ndani kwa ajili ya vita, alikuja Népomuscène. Huyu alikuwa mtu wa viatu vyeupe. Ofisi hakuwa nayo, lakini alikuwa akizunguka kwenye milango ya ofisi zote. Shida ya mtu aliijua kabla ya majirani.

"Patroni," alimwambia Massoudi, "hiyo karatasi ni kitu kidogo. Mi niko na mutu mule ndani. Kesho inapotea."

"Inapotea namna gani?" Massoudi akauliza.

"Inapotea tu. Lakini mutu lazima anywe chai."

Pesa ndani ya nyumba haikuwepo. Népomuscène akazungusha macho ndani ya garaji, na macho yake yakatua juu ya kriki kubwa, ile ya kuinulia magari. Bila kriki hiyo hakuna kazi.

"Basi niazime kriki. Nitamuwekea kama rehani."

Massoudi akaanza kuinama aishike. Asiya akawahi. Alikusanya kitenge chake, akakaa juu ya kriki, tena vizuri, kama aliyekaa sebuleni.

"Samahani, shemeji, nimechoka," alisema. "Huyo mutu wako anaitwa nani?"

"Ah! Jina lake halitajwi."

"Atatupatia karatasi gani, kuonyesha mambo yamekwisha?"

"Mama, uzuri wa kazi hii ni kwamba haina karatasi!"

"Na wakija tena, tutawaonyesha nini? Viatu vyako?"

Népomuscène akamgeukia Massoudi. "Patroni, ulimuruhusu mwanamuke kwenda kusoma, ona sasa. Nitarudi kesho."

Alipoondoka, Massoudi alinong'ona kwa hasira, "Ondoka kwa kriki yangu."

"Nitaondoka nikishamuona mama Concilie," Asiya akajibu. Na kweli, aliivuta kriki mpaka chumbani, akaisukuma chini ya kitanda upande wake.

*

Mama Concilie alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Alikuwa karani wa korti kwa miaka ishirini sasa. Mikono yake ilikuwa imeandika kesi za mashamba, za ng'ombe, za wake na waume. Alipenda sana vitendawili, na hata bombani hakuacha kuvitega. Alfajiri Asiya alimkuta pale na ndoo yake. Akamweleza yote, hata habari za kopo lenye matundu.

Mama Concilie akafika garajini na ndoo kichwani. Akamtazama Massoudi. Pembeni mwa Massoudi palikuwa na mfuko wa nguo.

"Sokwe!" alisema. Ndivyo kitendawili kinavyoanza kwa Kirundi.

"Mama, si saa ya mafumbo," Massoudi akanung'unika.

"Sokwe!"

"Niruze," Massoudi akajibu. Mtu mzima akikutegea, ni lazima ujibu.

"Hakina miguu. Lakini ukikimbia mpaka Uvira, unakikuta kimeshafika."

Massoudi akafikiri. "Redio?"

"Jina lako. Unakimbia nalo, baba. Sasa kaa chini, nikueleze."

Massoudi akakaa. Asiya akaleta chai.

"Alichoandika yule bwana ni taarifa," mama Concilie alianza. "Wenyewe wanaiita PV. Ni maandishi ya mtu aliyeona kitu: siku gani, mahali gani, kosa gani. PV si hukumu. Mutu akiandikiwa PV hajafungwa."

"Sasa wananiita kwa nini?"

"Wakusikie. Hukusema kitu, kwa hiyo mpaka sasa wako na maneno ya upande mmoja. Sheria ya mazingira ya nchi yetu imetoka mwaka jana. Inakataza kuchafua maji na udongo. Lakini sheria ina macho. Inaona mwenye kiwanda anayemwaga sumu, na inaona fundi aliyemwaga bido ya mafuta. Haiwapimi kwa kilo moja."

"Na mi watanifanya nini?"

"Kosa dogo, tena mara ya kwanza, mara nyingi linamalizwa ofisini. Wanakutajia faini. Ukiikubali, ukailipa, ukasafisha ulipochafua, kesi inafungwa. Hufiki mbele ya hakimu. Kama hukubali, una haki ya kukataa, na hakimu ndiye atakayesikiliza."

"Na nisipoenda?"

"Hapo umelitia kosa lako mbolea. Karatasi zinapelekwa kwa mwendesha mashitaka, kutoka huko zinakuja kortini, mezani kwangu. Hakimu anaweza kutoza faini kubwa zaidi. Na ukirudia kosa hilohilo kesho na keshokutwa, usitegemee huruma ya mara ya kwanza. Kuna makosa mazito ambayo mutu anafungwa nayo."

Massoudi akakuna kichwa. "Népomuscène anasema anaweza kuipoteza."

Mama Concilie akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Massoudi mwanangu, inayopotea ni kriki! Sikiliza kingine. Sokwe!"

"Niruze!" Asiya akajibu haraka.

"Ndogo kuliko kiganja, lakini inafunga mlango mkubwa wa korti."

"Kufuli!" Massoudi akasema.

"Risiti," Asiya akasema.

"Mutoto amefaulu. Faini hailipwi njiani. Hailipwi kwa mutu wa viatu vyeupe. Hata kwa Jovithe mwenyewe hailipwi mkononi. Inalipwa kwenye dirisha la malipo, na unapewa risiti yenye muhuri. Kama hakuna risiti, hujalipa, umetoa zawadi."

Kisha akawafundisha neno la mwisho. "Kabla ya kusaini, mwambie akusomee kwa lugha unayoisikia. Kama kuna neno si la kweli, sema lirekebishwe. Kama ni kweli, kubali kama mutu mzima. Uongo kwenye PV ni mbaya kuliko mafuta."

*

Jumanne na Jumatano, Asiya na mume wake walifanya kazi ya mtaro. Walileta maranda kutoka kwa maseremala, wakayamwaga juu ya mafuta. Maranda yalikunywa mafuta. Wakayazoa pamoja na udongo mweusi, wakatia kwenye mapipa mawili, wakafunika. Népomuscène alirudi akaona majembe, akaona ndoo. Hakuomba jembe, akaenda zake.

Lakini mfuko wa nguo wa Massoudi ulibaki pembeni ya mlango.

Alhamisi asubuhi Asiya alipoamka, kitanda kilikuwa kitupu upande wa pili. Mfuko haukuwepo.

Alikaa kidogo, mikono juu ya magoti. Kisha akaoga, akavaa kitenge cha sherehe, akachukua ile karatasi. Akatembea mpaka ofisini. Njiani alikuwa akijiambia: karatasi ina jina lake, lakini kopo lilikuwa langu.

Saa tatu Jovithe alimfungulia mlango.

"Mama wa chai! Fundi yuko wapi?"

"Hayupo. Lakini mafuta ya barabarani nilimwaga mi. Kila asubuhi, kwa ajili ya vumbi. Andika jina langu."

Jovithe akavua miwani, akaifuta. "Mama, wanaokuja hapa kusema 'nilimwaga mi' siwaoni mara nyingi. Nitaandika maneno yako. Lakini garaji ni ya mume wako. Yeye ndiye anayejibu kwa ajili ya garaji."

"Tungoje kidogo basi," Asiya akasema. Hakujua wanangoja nini.

Dakika zikapita. Saa ya ukutani ilikuwa na kelele kuliko mashine ya unga. Jovithe alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

Mlango ukagongwa. Massoudi akaingia, mfuko begani, jasho mpaka kifuani.

"Nilikuwa nimeshakaa kwa basi ya Gatumba," alisema. Alikuwa akimwambia Asiya, si Jovithe. "Dereva ananifahamu. Akaniuliza: fundi, unarudi lini? Breki zangu zinakungoja. Nilitafuta jibu. Nikakosa."

Asiya akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.

Jovithe akatoa PV. Massoudi akakohoa, akasema kama alivyofundishwa. "Bwana, naomba unisomee kwa Kiswahili."

Jovithe akasoma polepole. Siku ilikuwa sawa. Mahali palikuwa sawa. Kisha akasoma: "Amemwaga mtaroni mafuta yanayokadiriwa kuwa pipa moja."

Massoudi alikuwa ameinamisha kichwa. Kichwa kikainuka.

"Apana. Hapo si kweli. Pipa ni kazi ya mwaka! Tangu kiangazi nimemwaga bido tatu, za lita ishirini. Nyingine ilienda barabarani, moja na nusu hivi. Mi ni fundi, bwana. Mafuta nayajua kwa kuyabeba."

"Nilikuuliza siku ile, ukakataa kusema," Jovithe akajibu. "Nilikadiria kwa macho. Sasa naandika: bido tatu mtaroni, moja na nusu barabarani. Kuna jingine?"

"Andika kwamba tumezoa mtaro. Udongo mchafu uko kwa mapipa, umefunikwa. Njoo uone."

"Nitakuja kuona. Na nikiona, nitaandika nilichoona."

Asiya akaomba aisome karatasi mwenyewe. Ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo maneno hakuyajua. Lakini tarakimu alizijua. Akaiona tatu. Akaiona moja na nusu. Akatikisa kichwa kukubali. Massoudi akaweka alama ya kidole chake chini.

Faini ilitajwa. Ilikuwa sawa na mapato ya wiki mbili za garaji. Iliuma. Lakini ni maumivu ambayo mtu anayajua mwisho wake. Walipewa muda wa kuitafuta. Siku ya malipo walipita kwenye dirisha, wakatoka na risiti yenye muhuri. Asiya aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya Kurani ya nyumbani, mahali ambapo karatasi za maana hukaa.

"Imekwisha," Massoudi akasema, akapumua.

"Bado," Asiya akasema. "Faini ni ya serikali. Shamba ni la Pascaline."

*

Walimkuta Pascaline kando ya mto, akiangalia matuta yake matupu. Massoudi hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama, siku ile nilikuuliza kama mafuta yana jina langu," alisema. "Yalikuwa nalo."

Pascaline akajipangusa mikono. "Na sasa umekuja kuniambia tu, ama umekuja na jembe?"

Walikuwa wamekuja na jembe. Siku tatu walizoa udongo ulioharibika, wakaleta udongo mwingine na mbolea ya ng'ombe. Asiya alinunua mbegu. Pascaline alipanda mwenyewe. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Jovithe alikuja kukagua, na safari hii fundi hakujificha. Alimwonyesha Massoudi namna ya kuyatunza mafuta ya zamani. Kwanza, weka karai pana chini ya gari kabla ya kufungua injini, hata tone lisiguse udongo. Pili, mimina mafuta kwenye pipa lenye kifuniko, na pipa likae mahali pasiponyeshewa. Pipa likijaa, usiyamwage, wala usimwachie mtu wa kuchoma tofali ayatie motoni. Massoudi alipelekwa kwa mfanyabiashara mmoja wa karibu na bandari, anayekusanya mafuta ya zamani ili yatumike tena. Yale mapipa ya udongo mchafu yalichukuliwa na gari lililotumwa na ofisi.

"Na vumbi?" Asiya akauliza. "Huyo mnamfanyia PV lini?"

Jovithe akacheka. "Vumbi nyunyizia maji uliyooshea mchele na mboga. Chapati zifunike."

Massoudi akamtengenezea Asiya sanduku la chapati, lenye kioo cha mbele. Kioo kilikuwa cha gari moja la zamani. Chapati zilionekana, vumbi likabaki nje. Wateja wakasema sasa ni hoteli. Miezi miwili haikupita, Pascaline akawa analeta fungu la lengalenga kila asubuhi, za kijani, zenye umande. Asiya alizipika na karanga. Wateja walianza kula chakula cha mchana palepale kwenye benchi.

Mafundi wengine walikuwa wakiangalia. Wawili walinunua makarai. Mmoja aliazima pipa. Lakini wengine walicheka, wakasema Massoudi amekuwa mwoga.

Asubuhi moja, mmoja wa hao waliokuwa wakicheka, fundi Khaled wa garaji ya pili, alikuja mbio. Hakusalimia. Mkononi alishika karatasi yenye muhuri, ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama gololi. Nyuma yake mke wake alikuwa amebeba mfuko wa nguo.

"Mama Houda, soma haraka! Niko na muda gani wa kukimbia?"

Asiya akafuta mikono. Akaikunjua karatasi, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Safari hii hakuweka kidole kwenye herufi.

"Unaitwa Jumatatu, saa tatu," alisema. "Kwanza kaa. Mafuta ulimwaga bido ngapi?"

Khaled akamtazama mke wake, akatazama barabara, akatazama chapati.

"Tano," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi Jumatatu useme tano, wasije wakaandika kumi," Asiya akamjibu, akamsogezea kikombe. "Leo bado tuna siku tatu za kusafisha mtaro wako. Massoudi! Toka chini ya gari, ulete jembe."